Matroni na Mashua Yake ya Kusimama

Nilipanga chumba cha uani kwa Matroni, pale Kikuyu, mtaa wa Dodoma, kwa miaka mingi kuliko nilivyokusudia. Nilifika nikiwa mwalimu mgeni wa shule ya msingi, na godoro langu na jiko la mchina, nikidhani nitakaa muhula mmoja halafu nitafute pangu. Alinipokea mlangoni amesimama. Nikamwamkia, "Shikamoo, mama." Akaitikia, "Marahaba. Lakini mama yako yuko kwenu, na nadhani sasa hivi anakuwaza. Mimi ni Matroni." Tangu siku hiyo sikumwita jina jingine, na yeye hakuniita jingine ila Mpangaji, hata nilipooa, hata nilipohama.

Alikuwa amestaafu umatroni wa bweni la wasichana, ila mwili wake ulikuwa haujapata habari hiyo. Wanawake wazima, wake za watu, wengine wenye ofisi na makarani wao, wakikutana naye sokoni walivuta sketi chini na kutema bigijii. Alikagua kila kitu kilichopita mbele yake: kucha za muuza nyanya, mifuniko ya ndoo, namna nguo zilivyoanikwa kwenye kamba ya jirani. Mimi nilikuwa mtu mzima mwenye darasa zima linaloniogopa, lakini nikipita mbele ya dirisha lake nilijikuta nafunga kifungo cha shati. Hakuwa na haja ya kusema neno.

Mguu wake wa kushoto haukukunjika. Goti lilikuwa limeganda, mguu umenyooka kama mwiko, na akiketi kwenye kiti mguu ule ulilala mbele yake kama kizuizi cha barabarani, watu wakauruka. Sababu zake zilikuwa nyingi na zote zilitoka kwake mwenyewe. Katekista alimwambia ni utelezi wa kanisani. Mwenye duka alimwambia ni teke la ng'ombe. Mimi aliniambia ni lori, kisha baada ya muda akaniambia ni ngazi za bweni. Nilipomkumbusha lile lori akasema, "Na lori pia." Mtu huyuhuyu aliwahi kuwafagilisha wasichana uwanja mzima kwa uongo wa kudai wamepiga mswaki. Nadhani hakutaka tupate pa kushikia huruma yetu, na kweli hatukupata.

Kuketi hakukumshinda. Kilichomkera ni kuinuka, maana kuinuka kulitaka meza, ukuta au mkono wa mtu, na mkono wa mtu ndio hasa asioutaka. Kwa hiyo alisimama. Alichambua mchele amesimama, alisoma gazeti amelitandaza juu ya kizingiti cha dirisha, kanisani aliegemea nguzo ya nyuma ibada nzima. Msibani walimletea kiti, wakamletea mkeka, wakamletea ndoo iliyopinduliwa. "Nimesimama," alijibu, kama mtu anayetaja kabila lake. Lakini sisi wengine tukithubutu kula tumesimama alitufokea, kwamba chakula hakiliwi namna hiyo. Siku moja nikamwuliza mbona yeye.

"Mimi nina kibali," akasema.

"Kibali cha nani, Matroni?"

"Changu."

Neno alilolichukia kuliko yote ni pole. Huku kwetu tunalitoa bure, kwa aliyejikwaa, kwa aliyebeba mzigo, kwa aliyetoka kazini. Yeye alikurudishia papo hapo. "Usiniambie pole kabla sijaanguka," alisema, "na nikianguka, sogea nipate nafasi ya kuinuka." Mke wangu, ambaye alilelewa kwa adabu za kwao Chamwino, alihitaji mwaka mzima kujizoeza kumwona Matroni akipanda ngazi za kibaraza bila kusema pole. Alikuwa anauma mdomo.

Sasa nieleze habari ya mashua, maana ukimtaja Matroni mbele ya watu wa Kikuyu wa umri wangu, watakuuliza kwanza kama unaijua habari ya mashua.

Ilikuwa ile miaka ya ruksa. Maduka yaliyokuwa na rafu tupu yalianza kujaa sabuni za rangi na redio za kaseti, mitumba ikamwagwa chini sokoni, na watu waliopunguzwa kazini walijikuta nyumbani saa tatu asubuhi hawajui waweke wapi mikono. Kila mtu alikuwa na mradi. Matroni alipopata kiinua mgongo chake walimjia na mawazo: afuge kuku, afungue mgahawa, anunue mashine ya kusaga. Akasema amelea wasichana wa watu maisha yake yote, hana nguvu iliyobaki ya kulea kuku. Akagawa fedha ile mara mbili, nusu ya kubadili bati la nyumba, nusu ya maji. Maji yapi, tukauliza. Akasema ya bwawa la Hombolo.

Alikuwa amekwenda huko mara moja tu na kina mama wa kanisani, kutembea. Pale bwawani mtu mmoja alimpa mshipi wa kuvulia amshikie kidogo, na Matroni akavuta perege mwenye upana wa kiganja. Alirudi naye nyumbani amemfunga kwenye gazeti, na uso wa mtu aliyepandishwa cheo. Samaki mwenyewe hakumla. Hakula samaki kabisa, harufu yake ilimchefua tangu utotoni, na kuogelea alikuwa hajui. Nilimla mimi. Nilipomwuliza, huku natoa miiba, mtu asiyekula samaki na asiyejua kuogelea anatafuta nini bwawani, akanitazama kama nimeuliza upuuzi. "Sikwenda kula," akasema. "Nilikwenda kukamata."

Tatizo ni kwamba ukingoni kulikuwa na vidagaa na watoto wa shule. Samaki wa maana walikuwa katikati, na katikati kunafikiwa kwa mtumbwi. Mitumbwi ya pale ni magogo yaliyochongwa, membamba, abiria anakaa chini kabisa amekunja magoti. Akaenda kwa mkubwa wa wavuvi, mzee mmoja mpole aliyevaa koti la suti juu ya kaptura, akamweleza kwamba atalipa nauli kama wengine ila atasimama.

"Humu hasimami abiria, mama," yule mzee akamwambia. "Anayesimama ni mmoja tu, mwenye upondo wa kusukumia. Wawili mkisimama tunapinduka wote."

"Basi mwenye upondo nitakuwa mimi."

"Kwenye mtumbwi wa nani?"

Nilikuwepo. Lile swali liliulizwa kwa upole, wala hakukuwa na kejeli ndani yake, lakini Matroni alilibeba mpaka mjini kama kokoto ndani ya kiatu. Tuliposhuka kwenye basi ndipo akasema, "Amesema kweli. Ninahitaji wangu."

Alikuwa na mtoto mmoja, wa kiume, ofisa bandarini Dar es Salaam, kijana mwema aliyempenda mama yake kwa namna ya kumchosha. Kila alipokuja alitaka kumchukua. Alikuwa amejenga, chumba cha mama kipo, msichana wa kazi yupo, kiti cha kuegemea kimenunuliwa na kinangoja na nailoni yake. Alipopata habari za mashua alipanda basi siku hiyohiyo. Nilisikia mazungumzo yao kwa sababu waliyafanya uani, na uani ni kwangu.

"Mama, ukitaka maji, kwangu bahari unaiona dirishani."

"Sitaki kuiona."

"Mama, una mguu mmoja mzima. Ukidondoka kwenye bwawa nani atakutoa? Watu watasema nimekutelekeza."

"Kumbe ni habari ya watu."

"Ni habari yako. Njoo upumzike. Utakaa, utahudumiwa."

Matroni alikuwa ameegemea nguzo ya kibaraza. Akajisukuma akasimama sawasawa. Kisha akampa ahadi. Pasaka mwanawe aje Hombolo. Akimkuta amesimama kwenye mashua yake mwenyewe, katikati ya maji, ile habari ya Dar es Salaam isitajwe tena mpaka afe. Asipomkuta hivyo, atafunga mizigo yake na kwenda kukalia hicho kiti. Kijana akakubali haraka mno. Nilimwona usoni, alikuwa ameshampanga mama yake ndani ya kile chumba.

Tangu hapo sikumwona Matroni akicheka hovyo. Mji mzima ulidhani anacheza. Mimi niliyekula mezani kwake nilijua kwamba anaogopa, na kwamba anachokiogopa si maji.

Akaanza kutafuta mashua Dodoma, mji ambamo watu hupanga foleni ya ndoo za maji. Alijua anachotaka kabla ya kujua mahali kilipo: chombo ambacho mtu mwenye goti bovu anaweza kusimama ndani yake akavuta samaki bila kuomba ruhusa. Akatunga mtihani wake. Alikwenda na chupa ya chai, kikombe na kisahani. Muuzaji asimame ndani ya chombo chake, kikiwa majini, akoroge sukari, anywe kikombe kizima. Asipomwaga, wazungumze bei.

Wa kwanza alikuwa mvuvi wa Hombolo mwenye mtumbwi wa kuuza. Alisimama, akacheka, akakoroga, akanywa nusu, halafu mtumbwi ukajigeuza chini yake taratibu kama mtu anayejigeuza kitandani, naye akazama mpaka kifuani. Alipoibuka Matroni hakumwuliza kama ameumia. Alimwuliza kikombe kiko wapi.

Wa pili alikuwa mzee wa duka la barabarani, babu yake alikuja toka Bara Hindi na yeye mwenyewe alizaliwa hapohapo mjini. Aliagiza kontena la vitu vilivyotumika Ulaya, na katikati ya baiskeli na magodoro kikatoka chombo cha plastiki cha njano, kirefu, chembamba, kizuri mno, na tundu la kukalia katikati. Alikiweka barazani na watoto wakaja kukishika. Matroni akamwambia asimame ndani. Yule mzee akavua makubazi, akasimama, na chombo kikayumba palepale juu ya sakafu ya saruji.

"Matroni, hiki ni cha kukaa," akasema huku ameshika mlango. "Ulaya wote wanakaa."

"Ulaya wana magoti."

"Nitakupunguzia. Na kasia nakupa bure."

"Kasia nitalishikia wapi, sakafuni nikiwa nimelala?"

Mzee alicheka mpaka akalazimika kukalia tundu lile lile. Baadaye chombo kilinunuliwa na mfugaji mmoja, nasikia ndama wake walinywea maji humo kwa miaka.

Wa tatu alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, aliyeunganisha mapipa yaliyopasuliwa. Lile dude lilitulia kama meza, chai haikutikisika. Lakini halikubebeka na wanaume wanne, na kwa jua la Dodoma ungeweza kukaangia mayai juu yake. "Nimeomba mashua," Matroni akasema, "wewe umenipa daraja."

Mwishowe alikwenda kwa fundi seremala wa mtaani kwetu, aliyetengeneza vitanda na majeneza, na kwa uaminifu alivitengeneza vizuri vyote viwili. Fundi akakataa. Akasema hajawahi hata kuona mashua kwa macho yake.

"Sinia umeliona?"

"Nimeliona, Matroni."

"Na chupa. Ukiviweka vyote viwili juu ya maji, kipi kinageuka?"

"Chupa."

"Basi nitengenezee sinia lenye kuta. Chini bapa, upana kama kitanda cha mtu na nusu, kuta zifike magotini nisije nikajikwaa nikatoka nje. Urefu usinipe mwingi, sitaki kwenda mbio, nataka kusimama."

Fundi aliposikia neno kitanda alitulia. Akafanya kazi kiangazi chote kwa mbao za msonobari zilizotoka Iringa, nyepesi, akaziba maungio kwa pamba na lami aliyoomba kwa watu wa barabara. Ilitoka nzuri. Ilikuwa na sura ya kitanda kilichoamua kusafiri, lakini ilikuwa nzuri, na Matroni alipoizunguka akiigonga kwa fimbo yake fundi alikuwa anajifuta jasho.

Tuliitunza sasa. Huku kwetu mbao ina maadui wawili, mchwa na mvua, na kila mtu analijua hilo tangu utoto. Tukaiingiza sebuleni kwa Matroni, tukatoa makochi, tukaipandisha juu ya matofali. Mke wangu aliipaka mafuta ya sakafu kila Jumamosi. Mvua zilipoanza tuliifunika blanketi ili hata unyevu wa mlangoni usiiguse. Kina mama wa kanisani walifanyia kikao humo ndani, wamekaa mistari miwili, wameshika Biblia, wala hawakuona ajabu. Na kila asubuhi Matroni alipanda ndani yake na gazeti, akasimama akisoma, mguu mzima mbele na mguu mbovu nyuma, akijifunza.

Kwaresima ilipokaribia kwisha tukapata lori lililokuwa linakwenda Hombolo kuchukua zabibu. Mashua ikapakiwa kifudifudi juu ya makreti matupu, tukaifunika shuka jeupe kwa ajili ya vumbi. Hapo hatukufikiri vizuri. Huku kwetu msafara wa maiti ukipita watu husimama, na sisi tulikuwa tumebeba kitu cha mbao chenye shuka jeupe, kimetengenezwa na fundi wa majeneza, na mbele amekaa mama mtu mzima mwenye uso wa kazi. Baiskeli zilisimama. Wanaume walivua kofia. Mahali pamoja mzee aliyekuwa analima kando ya barabara aliweka jembe chini akainamisha kichwa, na wanawake waliokuwa na ndoo wakasogea pembeni, mmoja akasema kwa sauti, "Poleni sana." Matroni akatoa kichwa dirishani. "Endeleeni na kazi zenu," akawaambia. "Bado."

Tukafika. Wavuvi walikusanyika, na yule mkubwa wao na koti lake. Tukaishusha, tukaisukuma majini, ikaelea. Nilipiga makofi. Halafu maji yakaanza kuingia, kwanza uzi mmoja, kisha kila ungio la mbao likatoa uzi wake, na kabla hatujatafuta kopo la kukomba mashua ilikuwa na maji ya kufika kifundo cha mguu. Tukaivuta nje. Wavuvi walijizuia kucheka kadiri walivyoweza, na hawakuweza. Mmoja akasema kwamba ni chujio zuri, litafaa kwa togwa. Fundi wetu alikaa chini akashika kichwa. Matroni alisimama ukingoni na fimbo yake akitazama maungio yale, akayagonga moja moja. Pasaka ilikuwa mwisho wa juma.

Tulirudi mjini bila mashua. Asubuhi yake nilikuwa napiga mswaki uani, naye amesimama kibarazani na chai iliyopoa. Mke wangu alikuwa na shamba dogo la mtama nje ya mji, na kama kawaida ya watu wote alikuwa amelaza jembe kwenye beseni la maji tangu jana yake. Matroni akalitazama lile beseni kwa muda mrefu.

"Mpangaji. Jembe linafanya nini majini?"

Nikatema povu. "Mpini umelegea, Matroni. Limelazwa ili mti uvimbe ubane."

Nilisikia maneno yangu mwenyewe yakitoka. Naye aliyasikia. Tulitazamana. Hakuna mtu Dodoma asiyelijua hilo, mtoto wa darasa la pili analijua, na sisi sote, fundi akiwamo, mwalimu akiwamo, tulikuwa tumeikausha mashua miezi yote ile kama mahindi ya mbegu. Wavuvi nao wana magogo yasiyo na maungio, wangejuaje. Matroni akaweka kikombe chini akacheka, kicheko kirefu ambacho sikuwa nimekisikia tangu mwanawe alipokuja. "Tumeitunza mpaka tumeiua," akasema. "Vaa viatu."

Tulifika Hombolo na basi la mchana. Akamwendea mkubwa wa wavuvi. "Naomba vijana wako waniletee mawe. Naizamisha mashua yangu."

"Unaizamisha?"

"Mpaka chini."

Waliona ameshikwa na kichaa cha aibu, lakini mawe waliyaleta. Wakaijaza, ikashuka taratibu kwenye maji ya kina cha kiuno, ikabaki inaonekana chini kwa rangi ya kahawia, na vidagaa vikaanza kuingia ndani. Habari ilifika mjini kabla yetu: Matroni amezamisha mradi wake kwa mkono wake. Sokoni walianza kumwambia pole. Alipita katikati yao bila kugeuka.

Mwanawe alikuja Jumamosi Kuu na gari la kukodi lenye nafasi ya mizigo. Matroni akampeleka Hombolo siku hiyohiyo, mimi nikakaa nyuma. Walisimama ukingoni.

"Mashua iko wapi, mama?"

Akaonyesha kwa fimbo, chini ya maji.

Kijana alitazama, akamtazama mama yake, kisha mimi. Alikuwa karibu kulia, na sikumlaumu. "Mama, imezama. Basi. Yameisha. Twende tukafunge vitu."

"Tulisema Pasaka. Leo si Pasaka."

"Imezama, mama."

"Imelala. Kesho baada ya ibada uje hapa na suruali nyepesi."

Siku ya Pasaka nusu ya kanisa ilikuja. Vijana waliondoa mawe, wakaiinua, wakakomba maji, tukasubiri. Sijawahi kutazama mbao kwa makini namna ile. Fundi alikuwa amepiga magoti anapapasa maungio kwa vidole, moja baada ya jingine, na alipofika la mwisho akainua uso na kusema kwa sauti ndogo, "Kavu." Mkubwa wa wavuvi akavua koti lake akampa Matroni upondo. Mwanawe akanyoosha mkono ili amsaidie kupanda. Aliuona ule mkono. Akaweka fimbo yake ndani ya mashua, akashika ukuta, akautupa mguu ule mnyoofu juu kwanza kama anayefunga geti, kisha akajivuta. Akasimama.

Upepo wa Dodoma hauna heshima na sikukuu. Ulikuwa unavuma, maji yanapiga ukingo, na mitumbwi miwili ilikuwa inarudi nchi kavu kwa kuuogopa. Matroni alisukuma upondo, mashua ikaenda upande upande, ikagoma, ikazunguka nusu, akairudisha. Alikwenda hivyo, polepole, mgongo wake umenyooka na gauni la Pasaka linapepea, mpaka akawa mdogo, mpaka akafika mahali ambapo hakuna mtu angeweza kubisha kwamba si katikati. Pale akaacha upondo, akachukua mshipi, akaurusha. Mashua ilipanda na kushuka na yeye hakutikisika. Nilimgeukia mwanawe nikakuta anatokwa na machozi, na anatabasamu kama mtoto aliyepigwa chini mbele ya marafiki zake na bado anaipenda mechi.

Matroni alirudi bila samaki hata mmoja. Mtu akamwuliza amepata nini. "Leo nilikwenda kusimama," akasema. "Samaki ni Jumatano." Gari la kukodi lilirudi Dar es Salaam na nafasi yake ya mizigo tupu. Ile habari haikutajwa tena, mwanawe alikuwa mtu wa neno lake, na siku hizi husimulia hadithi hii kuliko sisi, tena kwa kuongeza upepo.

Mimi nilipata uhamisho kwenda Kibakwe, kuwa mwalimu mkuu wa shule ya milimani, na miaka ikapita bila kuonana, salamu tu kwa madereva. Nilipomtembelea kwa mara ya mwisho hakuwepo Kikuyu. Walinielekeza Hombolo, kwamba siku hizi amepanga chumba huko ili asisumbuane na mabasi. Nilimkuta ukingoni asubuhi, ndani ya mashua iliyotiwa viraka vipya, nusu iko majini na nusu mchangani. Nywele zilikuwa nyeupe zote. Alikuwa amepungua, mikono imebaki mishipa. Na alikuwa amekaa. Katikati ya mashua palipigiliwa kiti kirefu cha mbao, mguu wake umelazwa juu ya ukuta, mshipi uko mapajani.

Nilisahau hata kumwamkia. Nilikuwa nimekuja na picha yangu kichwani, ya gauni na upepo, na niliona kama mtu amemvunja na kumpanga upya bila idhini yangu. Niliumia, nasema kweli, na nadhani ilionekana.

"Usianze, Mpangaji," akasema.

"Shikamoo, Matroni. Sijasema kitu."

"Marahaba. Umesema kwa macho." Alinyoosha mshipi, akakagua ndoana kwa karibu, macho nayo yalikuwa yamechoka. "Walioniambia nikae walikuwa wengi, nikawakatalia mmoja mmoja, nawe ulikuwepo. Hiki kiti hakuna aliyeniambia. Nilikwenda kwa fundi mwenyewe nikamwambia kimo chake. Nikichoka nacho nitaking'oa nikupikie chai."

"Nimeelewa, Matroni."

"Hujaelewa, lakini utazeeka." Akashika upondo akausimika kwenye mchanga, akaegemea, mashua isisogee. Akajaribu tena. Niliona mabega yake yanatetemeka, nikaona pia kwamba ameona ninaona. Nilirudisha mikono yangu mfukoni. Nilikuwa nimefundishwa vizuri.

Alipumzika kidogo akiyatazama maji. Kisha, bila kugeuza kichwa, akaniambia jambo ambalo katika miaka yote ile hakuwahi kumwambia mtu yeyote niliyemjua.

"Mpangaji, sukuma."

Nikakunja suruali, nikaingia majini, nikasukuma.